Kabla Hujamgawia Hisa, Mdogo Wangu

Mdogo wangu, sogea tukae. Najua una haraka. Jina la kampuni mmeshalipata, nembo mmeshachorewa, na mwenzio kila saa anakuuliza lini mnaingia kwenye mfumo wa BRELA mjisajili. Furaha yako naiona. Ila niambie kitu kimoja: huyo mwenzio umemchagua kwa kazi yake, au kwa kuwa mnapendana?

Usinune. Wengi wanachagua hivyo hivyo. Mmesoma wote, mmezikiana, alikulipia kodi ya chumba mwaka ule ulipokwama, basi unaona hakuna mwingine. Wazee walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na ni kweli, mshike huyo rafiki. Lakini fadhila zake unaweza kuzilipa kwa njia nyingine, si lazima umkatie nusu ya kampuni.

Mtazame kwenye pesa, hasa pesa za watu. Kama mmewahi kucheza upatu pamoja, umeshamsoma vya kutosha. Alipopokea zamu ya kwanza, miezi iliyofuata alitoa siku ileile, au simu ilianza kuita bila kupokelewa? Alipokwama, alikupigia mwenyewe mapema, au mlimfuata hadi kwake mkaambiwa ametoka? Anayesema kabla, "Jamani mwezi huu naomba wiki moja," huyo ana shida lakini anajali. Anayejificha leo kwa laki moja, atajificha na siku mteja atakapokuja kudai mzigo wake, na utakayesimama mlangoni kujibu ni wewe peke yako.

Halafu Lipa Namba. Hapa mnaumia sana, tena kimyakimya. Mnaanzisha upishi wa sherehe, mnasema akaunti ya benki tutafungua baadaye, kwa sasa hela ziingie kwenye Lipa Namba ya simu yake. Mteja wa harusi anatuma malipo ya awali Jumatatu. Jumatano mtoto wa mwenzio anaugua, anachomoa kidogo, anasema nitarudisha. Hana nia mbaya, masikini! Ijumaa mnatakiwa kulipia kuku na mchele, hela haitoshi, nawe unaona haya kuuliza kwa sababu mtoto bado yuko wodini. Unanyamaza. Kile ulichonyamazia kinakukaa moyoni, na mwezi ujao unamweleza jirani badala ya kumweleza yeye. Mali bila daftari hupotea bila habari, na urafiki nao unakwenda. Fungueni akaunti ya kampuni, iambieni benki saini ziwe mbili, asitoe mtu mpaka wote mmekubali. Akikataa saini ya pili, muulize taratibu anaogopa nini.

Kwenye hisa mnapenda nusu kwa nusu, inaonekana ndiyo haki. Sikukatazi. Ila ujue maamuzi ya kawaida ya wanahisa yanapita kwa kura zinazozidi nusu, na kubadili katiba ya kampuni kunahitaji robo tatu. Mkiwa hamsini kwa hamsini na mmegombana, hakuna anayempita mwenzake. Kampuni inasimama, na wafanyakazi wanataka mshahara. Kwa hiyo andikeni leo, mkiwa bado mnacheka, mkikwama nani atawaamua, na anayeshinda kazini kila siku analipwa kiasi gani kando ya faida. Hilo la mwisho limevunja wengi: mmoja anaamka alfajiri kwenda sokoni, mwingine anakuja mwisho wa mwezi kuulizia mgao.

Na tafadhali, acha kumwandika shemeji kwenye fomu eti kujazia tu. Hisa ni mali. Aliyeandikwa ndiye mwenyewe, na akifariki zinaingia kwenye mirathi. Utajikuta unakaa kikao na warithi wasiojua hata mnauza nini, tena wana haki yao kamili. Hata kwa mbia wa kweli, wekeni kwenye mkataba kwamba mmoja akiondoka au akifariki, aliyebaki ndiye wa kwanza kuuziwa, na bei itapatikanaje.

Na mkiamua kufanya ubia bila kusajili kampuni, deni alilokopa mwenzio kwa ajili ya biashara ni lako pia. Anayewadai anaweza kukufuata wewe kwa deni zima. Kwenye kampuni mwanahisa ana kinga, lakini kampuni ikikopa, benki mara nyingi inawataka wakurugenzi watoe dhamana binafsi. Ukishasaini hiyo, kinga yako kwa mkopo huo imekwisha. Usisaini kwa ajili ya mtu ambaye hujawahi kuona anavyolipa madeni.

Najua maneno haya ni magumu kuyatamka mbele ya mtu unayempenda. Unaogopa atadhani humwamini. Mwambie ukweli, kwamba unataka mbaki marafiki hata biashara ikifa. Kisha fanyeni kwanza kazi moja ndogo isiyo na mkopo, shughuli moja tu ya ukumbini, na mkimaliza mkae na risiti zote mezani mpige hesabu mpaka senti ya mwisho. Akikaa mpaka mwisho, hata kama mmebishana, tafuteni wakili awaandikie mkataba. Akianza kuangalia saa na kusema tuachane na vikaratasi, mpende, mtembelee, mwalike kwenye shughuli zako. BRELA usiende naye.