Tegu Dogo la Mbwa na Ugonjwa wa Haidatidi

Mchinjaji apasuapo mbuzi au kondoo, mara nyingine huona katika ini au mapafu kifuko cheupe kilichojaa maji maangavu. Pengine ni kidogo kama harage, pengine kimefikia ukubwa wa chungwa. Kwa desturi hukikata kipande kile na kumtupia mbwa aketiye karibu. Hudhani kwamba ameepusha madhara, maana hakuna mtu atakayekila. Kumbe kwa tendo hilo hilo ameyaanzisha upya.

Kifuko kile si jipu. Ni tegu katika hali ya uchanga. Ndani ya maji yake mna vichwa vidogo vya minyoo mfano wa chembe za mchanga, navyo huweza kufikia maelfu. Mbwa akivimeza, kila kichwa hujishikiza utumboni mwake na kuwa mnyoo kamili. Msomaji asidhani kuwa hili ni lile tegu refu kama utepe ambalo wengi wetu tumeliona. Urefu wake ni milimita chache tu. Mbwa huweza kuchukua maelfu ya minyoo hiyo, naye akaendelea kula, kubweka na kulinda zizi kama kawaida. Baada ya majuma sita au saba hivi, mayai huanza kutoka pamoja na kinyesi chake.

Mayai hayo hayaonekani kwa macho. Hukaa majanini, majini na katika manyoya ya mbwa. Mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia akiyameza, yai huanguliwa, na kiumbe kilichomo hupenya utumbo, kikachukuliwa na damu mpaka ini au mapafu, na huko kikafanya kifuko kingine.

Binadamu naye akilimeza yai, hupatwa na yale yale yampatayo mbuzi. Kifuko hukua polepole, na kwa muda wa miaka mgonjwa huweza asisikie maumivu yoyote. Mtoto aliyecheza na mbwa leo huenda akaona tumbo linavimba akiwa mtu mzima. Yafaa tuseme wazi kwamba mtu hapati ugonjwa huu kwa kula ini lenye kifuko. Huupata kwa mayai yatokayo kwa mbwa. Ni ajabu kwamba watu wengi huiogopa nyama hiyo, na papo hapo humwacha mbwa alambe sufuria.

Katika Kenya, ugonjwa huu umejulikana zaidi kaskazini-magharibi mwa Turkana, ambako idadi ya wagonjwa ilikuwa miongoni mwa zilizo kubwa kabisa ulimwenguni. Huko maji ni haba, mbwa ni wengi, nao hulala kivulini pamoja na watu na kuwalamba watoto wachanga. Jua kali huyaua mayai upesi, lakini ndani ya nyumba na kando ya visima hudumu zaidi. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza kazi ya kuupinga ugonjwa huo huko.

Wanyama wa porini hawakusalimika. Bweha wa Turkana wameonekana kuwa na tegu hilo hilo la mbwa. Simba ana tegu lake, ndugu wa hili, ambalo watoto wake hukaa katika mwili wa ngiri.

Mgonjwa hutibiwa kwa dawa ya albendazoli au kwa kupasuliwa hospitalini. Mtu asithubutu kukitoboa kifuko kwa kisu au sindano nyumbani: maji yake yakimwagika mwilini huweza kuzaa vifuko vingine, hata kumwua mgonjwa ghafula. Mbwa naye hupewa prazikwanteli kwa kadiri ya uzito wake. Dawa hiyo huiua minyoo iliyomo, lakini haimkingi. Akitupiwa ini bovu kesho yake, ataambukizwa tena.

Kwa hiyo kazi kubwa iko mahali pa kuchinjia. Kipande chenye kifuko kichomwe moto kabisa, au kichemshwe kwa dakika 40 hivi kabla mbwa hajapewa. Penye uhaba wa kuni kifukiwe, lakini si katika shimo fupi, maana mbwa na bweha hufukua usiku. Shimo liwe refu, na juu yake yawekwe mawe mazito.