SOMO LA UFUNDI: Petroli Ikishuka, Hewa Ipite Wapi?

Safu yetu leo inatoka Troyeville, mtaa wa zamani mashariki ya katikati ya Johannesburg, jirani na uwanja wa Ellis Park. Wapenzi wa pikipiki hapa wana swali: kwenye mbio ndefu, tangi linajazwaje kwa sekunde chache bila pampu?

Mfano mzuri ni Isle of Man TT. Mzunguko mmoja ni kilomita 60.7, na katika Senior TT ya mizunguko 6 pikipiki husimama mara 2 kuongeza mafuta. Petroli hushuka kwa uzito wake tu kutoka tangi lililowekwa juu. Rahisi, sivyo? Ngoja kwanza.

1. Kopo la maziwa
Nyumbani ukitoboa kopo la maziwa tundu moja, maziwa yanagoma. Toboa la pili, yanamiminika. Hata dumu la lita 20 ukiliinamisha hulia "gubu, gubu" kwa sababu hewa na mafuta vinagombania mlango mmoja.

Sasa tuweke namba. Chukua petroli iliyo mita 1 juu ya tangi la pikipiki. Lita moja ina uzito wa kilo 0.74 hivi, kwa hiyo msukumo wake ni kilopaskali 7.3. Hewa ya Johannesburg ina kama 83. Dumu likiwa limefungwa, na juu yake pana lita 1 ya hewa, ikishatoka desilita moja tu ya petroli hewa ile imetanuka kiasi cha kuuzuia msukumo wote. Desilita moja jamani, nusu kikombe! Baada ya hapo ni kulia gubu gubu tu.

2. Tundu liwe kubwa kiasi gani?
Bomba la mafuta la milimita 38, kwa kimo hicho, lingetoa lita 5 kwa sekunde kama pasingekuwa na msuguano. Tukate nusu kwa ajili ya vali na kona: lita 2.5, yaani lita 20 kwa sekunde 8. Hewa nayo lazima ipite lita 2.5 kila sekunde. Bahati nzuri hewa ni nyepesi sana, kwa hiyo mpira wa milimita 19 wenye urefu wa mita 2 unakula kama asilimia 3 tu ya msukumo. Ukibana matumizi ukaweka wa milimita 10, kuipitisha hewa ileile kunahitaji zaidi ya nusu ya msukumo wote. Hapo umenunua bomba kubwa la bure.

3. Huku juu je?
Johannesburg iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, karibu sawa na Nairobi. Wengine husema hewa hafifu itachelewesha mafuta. Hapana. Hewa ikiwa na njia pande zote mbili, inasukuma juu na chini sawasawa, zinafutana. Kinachobadilika ni mvuke: huku juu petroli huvukiza upesi zaidi kuliko Mombasa kwenye joto lilelile.

4. Hewa inayotoka
Hapa ndo penyewe. Lita 20 zikiingia kwenye tangi la pikipiki, karibu lita 20 za hewa iliyojaa mvuke zinatoka. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, na injini iko palepale, ya moto. Ukiuachia hewani unacheza na maisha ya watu.

Dawa yake ni mpira wa hewa utoke tangi la pikipiki urudi kwenye tangi la juu, juu ya usawa wa petroli. Petroli inashuka, mvuke unapanda kujaza nafasi yake. Mambo matatu ya kuangalia:
- Mdomo wa hewa uwe sehemu ya juu kabisa ya tangi, pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi yake. La sivyo hewa inanaswa, na dereva anaondoka na lita pungufu.
- Tangi likijaa, petroli hupanda kwenye mpira wa hewa. Mpira ule wa mita 2 unabeba zaidi ya nusu lita. Vali zifunge pande zote kabla ya kuachana, isije ikamwagika kwenye ekzosi.
- Waya wa kuunganisha tangi na pikipiki ufungwe kwanza, kwa sababu ya umeme tuli.

5. Jaribio
Fanyeni uani, kwa MAJI tu: madumu mawili, mipira miwili, saa ya mkononi. Pimeni mpira wa hewa ukiwa wazi, kisha mkiubana kwa vidole.

Swali la nyumbani: bodaboda anayejaziwa kwa dumu na injini ya moto, mvuke wake unakwenda wapi? Mwenye jibu aje nalo toleo lijalo.