Ami kauza mlango wa nyumba ya mirathi

Msomaji wa Lamu ananiandikia kwamba ami yake amepokea arbuni kwa dalali anayeutaka mlango wa mbele wa nyumba aliyoacha bibi yao. Dalali ameahidi kuleta mlango mwingine wa kuchongwa, mpya, "hata jirani hatatambua". Jamaa walipolalamika wakaambiwa: mkiyafikisha mbele, mzee wenu ndiye atakayefungwa. Nyumba nzima imenyamaza.

Kitisho hicho ni cha uongo. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inalinda mlango au fremu yoyote iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946. Haungoji kutangazwa katika Gazeti Rasmi, kwa hiyo "huu haumo kwenye orodha ya serikali" ni maneno ya kuwazuga tu. Kuutoa nje ya nchi bila kibali ni kosa, na mlango ungali umesimama mahali pake. Ami hajasafirisha kitu. Anayepaswa kuogopa ni mwenye mnunuzi ng'ambo.

Mtego wenyewe ni karatasi. Kabla ya kung'oa, dalali huleta barua ya Kiingereza, mwenye nyumba atie sahihi kwamba mlango ulichongwa miaka ya hamsini, au kwamba anauza "mbao kuukuu". Mzee anatia dole gumba. Kuanzia hapo uongo una jina la mzee, na dalali amegeuka mchukuzi tu. Bandarini mzigo utapita kama fanicha, na afisa aliyelipwa asione nakshi hataiona.

Basi msitie sahihi kitu. Tazameni ubao wa juu wa mlango: baadhi ya milango ina mwaka wa Hijria. Mkikuta 1364 au chini yake, ulichongwa kabla ya 1946, hakuna mjadala. Upigeni picha ubao huo leo, pamoja na mfaa na miimo, maana randa haichukui muda kufuta tarakimu nne.

Kisha swali ambalo dalali hataki liulizwe: nani mwenye mlango? Mlango uliojengewa nyumbani ni sehemu ya nyumba, na nyumba ya mirathi isiyogawanywa ni ya warithi wote. Ami ana fungu lake. Mlango si fungu. Mirathi ipelekeni kwa Kadhi. Dalali asipokubali kusimama huko, ombeni amri ya zuio katika mahakama ya kawaida kabla chombo hakijang'oa nanga. Nyumba ikiwa ni wakfu, hakuna wa kuiuza, hata warithi wote wakikubaliana.

Andikieni pia ofisi ya Makavazi hapo Lamu, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Afisa akidai chai ili aje kutazama, mtakeni atoe kwa maandishi sababu za kutokuja. Kifungu cha 47 cha Katiba kinawapa haki hiyo kwa uamuzi unaowaumiza, na nimeona kalamu zikikauka ghafla.

Lakini sheria yenyewe nayo ina lake. Tanzania Bara mwaka wa mpaka ni 1940, kwa hiyo mlango wa 1943 ni turathi Mombasa na ni mbao Tanga. Mwaka wenyewe hausogei: mlango wa 1950 umepita miaka sabini, na bila tangazo la waziri hauna mlinzi. Linaloniudhi zaidi ni kwamba mjane ambaye dari inamvujia anakatazwa bei ya ng'ambo, bila kupewa hata msumari wa kukarabati. Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda mali ya mtu. Natamani wakili mmoja akipeleke mahakamani, aulize kama serikali inaweza kufunga mikono ya mwenye mali bila kuchangia chochote.

Ami airudishe arbuni mbele ya mashahidi na adai stakabadhi. Dalali akikataa kuipokea, iwekwe kwa wakili, isitumike.