Ayala wa Padre David

Mwaka 1865 Padre Armand David, mmisionari Mfaransa, alichungulia juu ya ukuta wa mbuga ya kuwindia ya mfalme wa Uchina, kusini ya Beijing. Humo aliona kundi la ayala wenye pembe za matawi, ambao wataalamu wa Ulaya walikuwa hawajawajua. Mwaka uliofuata wakapewa jina lake.

Tusiseme kwamba aliwaona wa kwanza. Wachina waliwaita milu tangu kale, na Muumba aliwajua kabla ya wote. Lakini kundi lile ndilo pekee lililojulikana kusalia, nalo lilikaa nyuma ya ukuta mmoja. Mwaka 1895 mafuriko yaliubomoa. Ayala wengi wakatoka, wakaliwa na watu wenye njaa. Vita vya mwaka 1900 vikawamaliza waliobaki mbugani.

Kwa bahati njema wachache walikuwa wamepelekwa Ulaya. Duki wa Bedford alikusanya 18 huko Woburn, Uingereza, wakazaana. Mwaka 1985 wajukuu wao walirudishwa Beijing, mahali palepale; leo Uchina ina maelfu.

Basi tujifunze nini? Adamu alipowapa wanyama majina, alikabidhiwa pia kuwatunza. Kugundua kiumbe ni mwanzo tu wa wajibu. Wala tusiwalaumu wale wenye njaa, maana tumbo tupu haliulizi jina la mnyama. Atakaye kuhifadhi viumbe vya Mungu, na amkumbuke kwanza jirani asiye na chakula. Enyi wazazi, wafundisheni watoto wenu mambo haya mawili pamoja.