Vipele vya Usoni vya Mtoto Mchanga Vinavyorudi Mara kwa Mara
Mwongozo kwa kaya zinazozungumza Kiswahili, Hayes

Mwongozo huu umeandaliwa kwa ajili ya wazazi na walezi wa Hayes na viunga vyake, katika eneo la Halmashauri ya Hillingdon, magharibi mwa London. Unawahusu watoto walio chini ya umri wa mwaka mmoja ambao nyuso zao hutoka vipele, vikapoa, kisha vikarudi. Hauchukui nafasi ya daktari. Unakusudia kuieleza familia sababu za vipele hivyo, namna ya kuvitunza nyumbani, na wakati wa kutafuta msaada.

Si kila kipele ni ugonjwa

Katika wiki za mwanzo za uhai wake, mtoto anaweza kutoka vidutu vyeupe puani na mashavuni, au vichunusi vidogo. Hivi huondoka vyenyewe bila dawa. Watoto wengine hupata magamba ya manjano yenye mafuta utosini na kwenye nyusi. Nayo kwa kawaida hupungua kadiri miezi inavyopita. Mtoto anayeota meno hutokwa na udenda, na ngozi ya kidevu ikabaki na maji na kuchubuka. Aliyevishwa nguo nyingi katika chumba chenye joto hutoka harara.

Vipele vinavyopaswa kuangaliwa zaidi ni vile vinavyowasha, vikavu, vinavyoanzia mashavuni au kwenye paji la uso, na vinavyorudi kila vinapokaribia kupona. Aghalabu hiyo huwa ni pumu ya ngozi, iitwayo pia ukurutu. Nchini Uingereza huwapata takriban mtoto mmoja katika kila watoto watano, na mara nyingi huanza kabla ya mtoto kutimiza mwaka.

Pumu ya ngozi ni nini

Ngozi yenye afya ni mfano wa ukuta wa matofali uliosilibwa vizuri: huzuia maji ya mwili yasitoke na vichokozi visiingie. Katika pumu ya ngozi ukuta huo una nyufa. Ngozi hukauka, huwasha, na mtoto hujikuna au kusugua uso kwenye shuka na kifuani mwa mama. Kujikuna huzidisha nyufa, na nyufa huzidisha muwasho. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee walionyesha kuwa hitilafu katika jeni ya protini iitwayo filagrini, inayosaidia kuujenga ukuta huo, ni miongoni mwa sababu kubwa za maradhi haya. Ndiyo maana hutokea zaidi katika familia zenye historia ya pumu ya kifua au mzio.

Maradhi haya hayaambukizi. Hayatokani na uchafu wa nyumba wala uzembe wa mama. Baadhi ya jamaa huyanasibisha na kijicho. Familia inayomwombea mtoto dua haifanyi kosa. Kosa huwa ni kuiacha dawa kwa kudhani kuwa viwili hivyo vinapingana.

Jinsi inavyoonekana kwenye ngozi nyeusi

Vitabu vingi na picha nyingi za ukurutu huonyesha wekundu. Kwenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, wekundu huenda usionekane kabisa. Sehemu iliyoathirika huwa nyeusi zaidi, ya kahawia iliyokolea, ya zambarau au ya kijivu. Pengine huwa ni vidutu vidogo vidogo vilivyoinuka, ambavyo hutambulika kwa kupapaswa kuliko kwa kutazamwa. Mzazi akiulizwa na mtoa huduma kama ngozi ni nyekundu, na aeleze kile anachokiona na kukigusa: ukavu, ugumu, joto, muwasho, usingizi unaokatika.

Vipele vinapopoa, ngozi ya mtoto huacha mabaka meupe au meusi. Jambo hili huzitia hofu familia nyingi, zikadhani dawa imemchubua mtoto. Kwa kawaida mabaka hayo ni alama za uvimbe uliokwisha, na rangi hurejea polepole baada ya wiki au miezi. Kuacha dawa kabla ya wakati kwa sababu ya mabaka ni mojawapo ya sababu za vipele kurudi.

Kwa nini hurudi

Upo mwenendo unaoonekana katika kaya nyingi. Daktari anaandika krimu. Baada ya siku tatu uso unang'aa, na krimu zote zinawekwa kabatini. Wiki mbili baadaye mashavu yanakauka tena. Familia inahitimisha kuwa dawa ya daktari haifai, na jamaa analeta kikopo cha krimu isiyo na maandishi.

Dawa haikushindwa. Pumu ya ngozi haina tiba ya kuiondoa mara moja. Ina matunzo ya kuituliza. Watoto wengi hupata nafuu kubwa kadiri wanavyokua. Hadi hapo, kazi ina sehemu mbili: kulainisha ngozi kila siku hata inapokuwa safi, na kuitibu mapema inapochafuka.

Matunzo ya kila siku

Msingi wa matunzo ni krimu ya kulainishia ngozi isiyo na manukato. Ipakwe angalau mara mbili kwa siku, na zaidi mashavuni na kidevuni. Isisuguliwe, ipakwe taratibu kuelekea upande nywele za mwili zinakolalia. Kwa mwili mzima mtoto anaweza kuhitaji gramu 250 au zaidi kwa wiki, hivyo kichupa kidogo hakitoshi. Kikopo kichotwe kwa kijiko safi, si kwa vidole.

Wazazi huuliza krimu ipi ni bora. Utafiti uliofanywa Uingereza kwa watoto 550 na kuchapishwa mwaka 2022 ulilinganisha losheni, krimu, jeli na marhamu, na haukuona aina moja inayozishinda nyingine. Krimu bora ni ile ambayo mtoto anaivumilia na familia haichoki kuipaka.

Maji ya kuogea yawe vuguvugu, na kuoga kusizidi dakika kumi. Sabuni za kawaida na za mapovu ziachwe. Krimu hiyo hiyo, au kisafishio kisicho na sabuni alichoshauri mfamasia, itumike badala yake. Uso ukaushwe kwa kugusagusa, kisha upakwe krimu mara moja. Kabla ya kunyonya au kulishwa, krimu ikipakwa kuzunguka mdomo hukinga ngozi dhidi ya udenda na chakula.

Maji ya bomba ya London ni magumu, yaani yana chokaa nyingi. Hata hivyo haifai kaya kujitia gharama ya mashine ya kuyalainisha: utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2011, kwa watoto 336, haukuona kuwa mashine hizo ziliupunguza ukurutu.

Kucha za mtoto zikatwe fupi. Avishwe pamba, na chumba kisiwe na joto kali. Moshi wa sigara, udi na ubani huchokoza ngozi na mapafu ya mtoto. Mtoto asifukizwe, na chetezo kiwekwe mbali naye. Tena krimu na marhamu zikikauka kwenye nguo na matandiko huzifanya zishike moto upesi, kwa hiyo ziepushwe na jiko, mshumaa na makaa.

Dawa ya steroidi

Vipele vinapowaka, krimu ya kulainishia peke yake haitoshi. Kwa uso wa mtoto mchanga daktari kwa kawaida huandika steroidi hafifu, kama vile haidrokotisoni ya asilimia moja. Dawa hii isinunuliwe dukani kwa ajili ya uso wa mtoto. Iandikwe na mtaalamu.

Kipimo chake ni ncha ya kidole cha mtu mzima: mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole hadi kiungo cha kwanza, takriban nusu gramu, hutosha eneo lililo sawa na viganja viwili vya mtu mzima. Ipakwe penye vipele tu, mara moja au mbili kwa siku kama ilivyoandikwa. Kati yake na krimu ya kulainishia pawe na mwanya wa takriban nusu saa. Iendelee hadi ngozi itulie, na kwa saa 48 zaidi, isipokuwa daktari ameagiza vingine. Vipele visipopungua katika muda uliotajwa, mzazi arudi kwa daktari badala ya kuongeza dawa mwenyewe.

Steroidi hafifu, ikitumika hivi, ni salama. Hofu ya dawa hii ina chanzo chake katika steroidi kali zinazouzwa kiholela kwa ajili ya kujichubua. Hizo ni jambo jingine.

Krimu zisizo na maelezo, mafuta na wanja

Krimu iitwayo ya mitishamba, isiyo na orodha ya viambato, huweza kuponya uso kwa siku mbili. Wepesi huo ndio dalili ya hatari. Mwaka 2003 madaktari wa Birmingham walichapisha matokeo ya kupima krimu 24 za aina hiyo zilizokuwa zikipakwa watoto wenye ukurutu: 20 kati yake zilikuwa na steroidi, bila mtumiaji kuambiwa. Steroidi kali usoni mwa mtoto hukondesha ngozi, hupenya mwilini, na ikiachwa ghafla vipele hurudi kwa ukali zaidi. Krimu za kujichubua zenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi zisikaribie mtoto kamwe. Kama zimekwisha kutumika, mzazi asifiche. Akipeleke kikopo kwa daktari, na dawa ipunguzwe kwa usimamizi. Daktari yupo kumtibu mtoto, si kumhukumu mama.

Mafuta ya zeituni, yanayopendwa na wengi, yameonekana katika tafiti kuudhoofisha ukuta wa ngozi, kwa hiyo yasitumike kwa ukurutu. Mafuta ya kupikia, dawa ya meno, majivu na maji ya limau hayafai kabisa. Wanja nao huwa na madini ya risasi mara nyingi, na risasi hudhuru ubongo unaokua. Mtoto asipakwe machoni wala kwenye nyusi.

Chakula

Mama anayenyonyesha asiache samaki, mayai au maziwa kwa kubahatisha, wala asikatize kunyonyesha. Kwa watoto walio wengi chakula si chanzo cha ukurutu. Mzio wa maziwa ya ng'ombe hufikiriwa pale ukurutu mkali unapoambatana na kutapika sana, kuharisha, damu kwenye choo au kutokua vizuri. Na hapo daktari ndiye wa kuamua.

Vyakula vyenye mayai na karanga visicheleweshwe baada ya mtoto kuanza kula akiwa na takriban miezi sita. Utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2015, kwa watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa yai, ulionyesha kuwa walioanza kulishwa karanga mapema walipata mzio wa karanga kwa uchache mno kuliko walionyimwa. Karanga ziwe zimesagwa laini na kukorogwa katika uji; karanga nzima hupalia, na haifai kumpa mtoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto mwenye ukurutu mkali, au mzio uliokwisha kujulikana, aonwe kwanza na daktari.

Wakati wa kutafuta msaada haraka

Daktari apigiwe siku hiyo hiyo ikiwa ngozi inatoa maji au usaha, ina magamba ya rangi ya asali, au ina joto na uvimbe. Vilevile ikiwa mtoto halali wala hanyonyi vizuri kwa muwasho.

Msaada wa dharura utafutwe ikiwa yametokea ghafla malengelenge madogo au vidonda vya duara vinavyofanana na kuuma, hasa pamoja na homa. Hii huweza kuwa virusi vya vidonda vya mdomoni vilivyoingia kwenye ukurutu. Kwa sababu hiyo mtu mwenye kidonda cha homa mdomoni asimbusu mtoto, awe bibi, shangazi au mgeni.

Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi, na wa miezi mitatu hadi sita mwenye nyuzi 39 au zaidi, aonwe haraka. Namba 999 ipigwe ikiwa mtoto anapumua kwa shida, midomo au uso umevimba ghafla, amelegea, haamki, au ana madoa yasiyofifia yanapobonyezwa kwa bilauri. Kwenye ngozi nyeusi madoa hayo yatazamwe viganjani, nyayoni, ndani ya kope na kwenye kaakaa.

Pa kwenda Hayes

Mlango wa kwanza ni daktari wa familia. Kujiandikisha hakuhitaji hati ya ukaazi wala ushahidi wa anwani, na kumwona ni bure kwa kila mtu. Dawa alizoandikiwa mtoto hazilipiwi. Muuguzi wa watoto atembeleaye majumbani hushauri kuhusu ngozi, kunyonyesha na chakula. Kitabu chekundu cha mtoto kichukuliwe kila miadi. Mfamasia wa duka la dawa huonwa bila miadi. Saa ambazo kliniki imefungwa, namba 111 hupigwa bila malipo, usiku na mchana. Idara ya dharura iliyo karibu ni ya Hospitali ya Hillingdon, barabara ya Pield Heath, Uxbridge.

Mkalimani wa Kiswahili ni haki ya mgonjwa na hatozwi fedha. Aombwe wakati wa kuweka miadi. Watoto wa nyumbani wasifanywe wakalimani, kwa kuwa neno moja likikosewa kipimo cha dawa hukosewa pia.

Kabla ya miadi, ni vyema mzazi apige picha vipele vinapowaka, kwani mara nyingi siku ya daktari uso huwa umetulia. Aandike pia kila kilichopakwa, na achukue vikopo vyote.

Kwa ufupi

Lainisha kila siku, hata uso ukiwa safi. Tibu mapema, na umalize muda wa dawa. Usiogope mabaka, ogopa krimu isiyo na maandishi. Na kila anayemlea mtoto, kuanzia baba anayerudi zamu ya usiku hadi bibi aliyekuja kusaidia, afundishwe utaratibu ule ule, maana ngozi ya mtoto hupona pale mikono yote ya nyumba inapofanya kazi moja.