Somo la Kikundi: Ploti ya Futi 50 kwa 100

Someni kwanza: Kumbukumbu la Torati 22:8 na Hesabu 35:2-5.



Mama mmoja wa kikundi alituuliza hivi: "Ploti ni yangu, nimeilipia, hatimiliki ninayo. Kwa nini kaunti iniambie nijenge hapa, nisijenge pale?" Ni swali zuri. Wengi wanalo moyoni ila wanaogopa kulisema mbele ya watu.

Katika Kumbukumbu la Torati, aliyejenga nyumba mpya aliagizwa azungushe ukuta mfupi juu ya paa ili mtu asianguke. Nyumba ilikuwa yake, lakini shingo ingevunjika ya mgeni. Na katika Hesabu, miji ya Walawi iliachiwa uwanja wazi nje ya kuta, pande zote. Kwa hiyo jambo hili halikuanzia kwa kanjo.

Sasa chukueni karatasi mchore ploti ya futi 50 kwa 100. Hiyo ni futi 5,000 za mraba. Tuseme umeambiwa uache futi 20 mbele, 10 nyuma, na 5 kila upande. (Huu ni mfano tu. Vipimo hutegemea eneo, barabara na aina ya jengo, basi uliza ofisi ya mipango ya kaunti kabla fundi hajachimba msingi.) Unabaki na 40 kwa 70, yaani futi 2,800, zaidi kidogo ya nusu. Kwa rumu za futi 10 kwa 10 unapata 28, kabla hujatoa njia na choo. Ukijaza ploti yote, 50. Tofauti ni rumu 22, na kila moja ina kodi yake mwisho wa mwezi. Tusidanganyane, vita viko hapo.

Lakini ingia katika hizo 50. Rumu ya katikati haina dirisha, mpangaji anawasha taa saa sita mchana, na moshi wa jiko unabaki humo humo na mtoto. Maji ya paa lako yanamwagikia ukuta wa jirani. Moto ukizuka, unaruka bati kwa bati, na gari la zimamoto linabaki barabarani kwa sababu hakuna pa kupita. Zile futi 5 zako na futi 5 za jirani zinafanya 10. Mmoja akila zake, za mwenzake peke yake hazitoshi.

Choo na kisima ni hivyo hivyo. Ushauri unaojulikana ni kwamba choo cha shimo kikae kama mita 30 kutoka kwa kisima. Ploti yetu ina urefu wa mita 30 na kidogo tu! Hata ukiweka kisima mbele kabisa na choo nyuma kabisa, umefika mwisho, na bado hujauliza choo cha jirani kiko wapi.

Kuna jambo linalochanganya watu sana. Hifadhi ya barabara si sehemu ya ploti yako, ni ardhi ya umma, na anayejenga humo anajenga kwa hasara yake. Nafasi ya mbele ni tofauti: iko ndani ya bikoni zako, ni mali yako, unaweza kupanda maua au sukuma, ila jengo haliruhusiwi. Serikali ikiihitaji siku moja kwa ajili ya barabara, Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinadai ulipwe fidia ya haki. Kwa hiyo jua bikoni zako ziko wapi. Usitegemee fensi aliyoweka mwenye ploti wa kwanza.

Sheria ya Mipango ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996, inataka kibali cha kaunti kabla ya kujenga. Asiyekuwa nacho anaweza kutozwa faini hadi shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au yote mawili. Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayohusika na mipango. Wengi huziacha zipite wakimtafuta "mtu wa ndani" ofisini.

Je, mahali ambapo ploti yenyewe ni rumu moja? Huko kipimo cha futi 20 ni kicheko. Hata hivyo hatari ni ya kweli: tarehe 12 Septemba 2011, pale Sinai, Nairobi, mafuta yaliyovuja kutoka kwa bomba yalishika moto, na watu wapatao 100 walikufa. Nyumba zilikuwa zimesongamana karibu na bomba. Mwaka 2017 Mukuru ilitangazwa kuwa eneo la mipango maalum, wenyeji wakashirikishwa kupanga barabara na huduma kulingana na hali yao. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo njia, kuliko kuletewa kanuni za Karen au tingatinga.

Kazi ya kikundi: Njooni na tepu ya kupimia. Pimeni kutoka ukuta hadi mpaka, pande zote nne za nyumba moja, mwenyewe akikubali. Kisha mjadiliane:

1. Moto ukizuka usiku, wazee na watoto watapitia wapi?
2. Choo kilicho karibu zaidi na kisima chenu ni cha nani, na ni nani atakayeenda kuzungumza naye?
3. Landlodi aliyeacha nafasi anapoteza kodi. Je, wapangaji wako tayari kumwongezea kidogo?