Mguso na Maumivu: Jinsi Ubongo Unavyousikia Mwili

Utangulizi

Mtu aliyekatwa mguu anaweza kukuambia kwamba vidole vya mguu ule ule vinamuuma. Wapo wanaomsikia na kudhani amechanganyikiwa, au anatafuta kuonewa huruma. Je, anasema kweli? Ili tujibu, tuone kwanza jinsi ubongo unavyopokea mguso na maumivu.

1. Safari kutoka ngozini

Ngozi ina vipokezi vya aina mbalimbali: vya mguso mwepesi, vya mtetemo, vya joto na baridi, na vya mambo yanayoweza kuudhuru mwili. Habari zake hupita katika mishipa ya fahamu, huingia uti wa mgongo, huvuka upande wa pili, na kufika kwenye kituo kilicho katikati ya ubongo kiitwacho thalamasi. Kutoka hapo hupelekwa kwenye gamba la ubongo. Kwa sababu ya kuvuka huko, mkono wa kulia huhisiwa na upande wa kushoto wa ubongo.

Njia hizo hazina kasi moja. Mguso husafiri katika nyuzi nene, zaidi ya mita 30 kwa sekunde. Maumivu yale ya kuunguza hupita katika nyuzi nyembamba sana, kama mita 1 tu kwa sekunde. Ndiyo maana ukijikwaa unajua kwanza kwamba umejikwaa, kisha maumivu makali yanafuata.

2. Ramani ya mwili

Huko Montreal, Kanada, daktari Wilder Penfield aliwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho. Hilo liliwezekana kwa sababu ubongo wenyewe hauna vipokezi vya maumivu. Ganzi ya kichwani ilitosha. Aligusa gamba la ubongo kwa umeme hafifu, na mgonjwa akaeleza anachohisi. Mwaka 1937, yeye na Edwin Boldrey walitoa matokeo yao: kila sehemu ya mwili ina mahali pake katika ukanda mmoja wa gamba hilo. Midomo na vidole vya mkono vimepewa eneo kubwa, mgongo eneo dogo.

Unaweza kulipima hili. Mwambie mwenzako afumbe macho. Mguse ncha ya kidole kwa vijiti viwili vya meno vilivyoachana sentimita 1. Atasema ni viwili. Mguse vivyo hivyo mgongoni. Huenda akasema ni kimoja.

3. Sura mbili za maumivu

Wagonjwa wa Penfield walitaja mara nyingi hali kama ya mkono uliolaliwa, lakini maumivu waliyataja kwa nadra. Kumbe maumivu hayakai katika ukanda huo peke yake. Ukanda huo husaidia kujua yako wapi na yana nguvu gani. Uchungu wenyewe, yaani kule kuteseka, unahusika zaidi na sehemu nyingine iliyo ndani, katikati ya pande mbili za ubongo, iitwayo singuleti.

Mwaka 1997 Pierre Rainville na wenzake walichunguza watu waliotia mikono katika maji ya moto yanayoumiza. Kwa hipnosi, waliwaongoza wahisi karaha zaidi au kidogo, maji yakiwa yale yale. Kazi ya singuleti ilibadilika pamoja na karaha hiyo, ila ule ukanda wa mguso haukubadilika hivyo.

4. Mguu usiokuwepo

Sasa turudi kwa yule mtu. Mguu umeondoka, lakini mahali pake katika ramani ya ubongo hapakuondoka. Pia mishipa iliyokatwa huweza kuendelea kutuma habari. Ubongo unazipokea na kuzisoma kama habari za mguu. Daktari Silas Weir Mitchell wa Marekani aliandika habari za viungo hivyo vya kivuli mwaka 1871, baada ya kuwahudumia askari waliojeruhiwa vitani. Basi mtu huyo hasemi uongo: maumivu ni ya kweli, ingawa kidonda hakionekani.

Hitimisho

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Tunapomtembelea mgonjwa, tusipime maumivu yake kwa ukubwa wa kidonda, wala tusimwambie, “Hayo ni mawazo tu.” Tumwulize yako wapi, na pia yanamtesaje, kisha tumsaidie afike kwa daktari, kwa maana maumivu ya aina hii yana matibabu.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini ncha ya kidole hutofautisha vijiti viwili kuliko mgongo?
2. Kuna tofauti gani kati ya kujua mahali panapouma na kuteseka?
3. Je, umewahi kutilia shaka maumivu ya mtu kwa kuwa hukuona jeraha?